Majilio ya fundi cherehani

Hapa Moshi, kwa sisi mafundi cherehani, Majilio, yale majuma ya kujiandaa kwa Noeli, huanza kabla padre hajavaa zambarau. Huanza siku inapoingia simu ya kwanza kutoka Dar: "Fundi, mwaka huu tunakuja wote, watoto na wajukuu. Kitenge tunakituma na basi, vipimo nakutumia kwa simu." Wachagga tunarudi nyumbani Desemba, na siku hizi familia hairudi bila sare. Kuanzia hapo meza yangu ya kukatia haionekani tena. Juu kuna vitenge, chini sare za kwaya, na kwenye kiti cha wageni zimelala gauni za watoto wa kipaimara.

Kanisani tunaambiwa ni majira ya kusubiri kwa utulivu. Zima simu, jitenge, sali zaidi. Ushauri mzuri huo, hasa kwa anayepokea mshahara mwisho wa mwezi. Mimi nikizima simu Desemba, ada ya Januari itatoka wapi?

Ndiyo maana nampenda Yohane Mbatizaji. Katika Luka sura ya 3 watu wanamwendea na swali la watu wenye shughuli zao: "Tufanye nini basi?" Watoza ushuru wanauliza, askari nao wanauliza. Hakumwambia mtoza ushuru afunge meza yake, wala hakumwambia askari avue magwanda waende wote jangwani kula nzige. Wa kwanza alimwambia asitoze zaidi ya alichoamriwa. Wa pili asidhulumu mtu, atosheke na mshahara wake. Kila mmoja alirudishwa kazini kwake, ila na sharti.

Injili hiyo ni ya Dominika (Jumapili) ya tatu ya Majilio, Mwaka C katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa. Mara ya mwisho tuliisikia Desemba 15, 2024. Tulipoitafakari jumuiyani, kwenye kikundi chetu cha sala cha majirani, kila mtu akaanza kutafuta jibu la kazi yake. Mama wa nyanya akasema yeye angeambiwa asipange nzuri juu na mbovu chini ya sado. Kijana wa bodaboda akasema nauli isipande kwa sababu mvua imeanza, halafu akaongeza, "labda kidogo," tukacheka. Kisha wakanigeukia mimi. Mzee mmoja, hata hakusubiri nifungue mdomo: "Fundi aache kusema zimebaki vifungo tu."

Kama umewahi kushonesha nguo unaijua sentensi hiyo. Zimebaki vifungo, imebaki pindo, njoo kesho jioni. Na kitambaa bado kimefungwa kwenye mfuko ulekule ulioletwa nacho! Watu wamezoea kuucheka uongo huu wa mafundi, mimi siuoni mdogo. Mama anayeshuka kutoka Kibosho kufuata gauni ambalo halijakatwa amelipa daladala kuja na kurudi, ameacha mifugo bila majani, na mtoto anamsubiri mlangoni aone amebeba nini.

Kwa hiyo kwangu kumkaribisha Yesu Desemba kunapitia kwenye daftari la oda. Mteja akiniuliza "lini?", naangalia kwanza waliomtangulia, ndipo naandika tarehe mbele yake. Kama haiwezekani nasema haiwezekani, hata kama ameshika kianzio mkononi. Hapo ndipo pagumu, niamini. Kuimba "Njoo Bwana" hakunigharimu kitu. Kumwelekeza mteja wa sare za ukoo mzima kwa fundi wa jirani kunagharimu.

Kuna na habari ya mabaki. Kwa desturi ya kazi yetu kitambaa kinachobaki ni cha fundi, na hakuna anayeuliza. Lakini sare za familia huacha vipande vikubwa. Nimemfundisha binti anayejifunza kwangu avikunje na kuvirudisha pamoja na nguo. Wengi husema, "Baki navyo, fundi." Hivyo tulivyoachiwa kwa hiari tunashona vigauni na kaptula, na akina mama wa jumuiya wanajua nyumba gani hazina nguo ya Noeli. Yohane alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Wenye vyerehani hakututaja, ila nadhani tumo.

Tena, wahubiri husimulia hori la ng'ombe kila mwaka na kupita haraka kwenye kitu ambacho fundi hawezi kukipita: Luka anasema Maria alimvika mtoto nguo za kitoto. Safari ndefu, mimba kubwa, nafasi hakuna, na bado nguo zilikuwepo. Kuna mtu alizitayarisha mapema. Naamini ni yeye mwenyewe.

Novena ya Noeli, ile sala ya siku tisa, inaanza Desemba 16 na nitakuwepo, ingawa nitakuja na nyuzi kwenye sweta kama kawaida.

Sasa wateja wangu mnaosoma hapa: daftari la sare za familia linafungwa Dominika ya tatu. Baada ya hapo napokea kupunguza na kupinda tu, na msinipigie kupitia kwa mama yangu. Na mwenye suti ya kijivu iliyoletwa Pasaka, zipu imeshabadilishwa. Njoo uichukue, baba, ninahitaji hiyo henga.