Malori ya Umeme Kigoma Yaanzie Uvinza

Kila mjadala wa malori yasiyotoa moshi unapozuka, sisi wa Kigoma huulizwa kama lori la umeme litafika Dar es Salaam. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 1,200 isiyo na vituo vya kuchajia, jibu kwa sasa ni hapana, nami sioni haja ya kulazimisha.

Mimi ningeanzia Uvinza. Chumvi ya huko husafirishwa hadi Kigoma mjini kwa barabara ya kilomita zipatazo 100, na lori la njia hiyo linaweza kulala kila usiku kwenye yadi ambako chaja imefungwa. Lori kubwa lenye mzigo hunywa lita kama 40 za dizeli kwa mwendo huo. La umeme hutumia uniti 130 hadi 150, na kwa kuwa shilingi 1,000 ya LUKU hutoa uniti zisizofika tatu, safari ingegharimu shilingi 50,000 hivi. Bei ya lita 40 za dizeli kila mwenye gari anaijua. Wanaosema kwamba umeme wenyewe utatokana na dizeli wanaikumbuka Kigoma ya majenereta, kabla gridi ya Taifa haijaanza kuingia mkoani mwaka 2022. (Kukatika kwa umeme ni kero nyingine, na yadi itahitaji akiba ya umeme.)

Kikwazo kikubwa ni bei ya kununulia. Mataifa yaliyotia saini makubaliano ya malori yasiyotoa moshi huko Glasgow, kwenye mkutano wa tabianchi wa mwaka 2021, yalilenga asilimia 30 ya malori mapya yanayouzwa yawe ya umeme au haidrojeni ifikapo 2030, ilhali wasafirishaji wetu wengi hununua lori lililokwisha kutumika Ulaya. Bila msamaha wa kodi na mkopo wa muda mrefu, au utaratibu wa kukodi betri badala ya kuinunua, hofu yangu ni kwamba malori ya dizeli yatakayoachwa Ulaya yataishia kwetu.

Kuna pia suala la mizani, ambalo halizungumzwi sana. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na betri yenye uzito wa tani kadhaa humpunguzia mzigo mtu anayelipwa kwa tani. Umoja wa Ulaya uliruhusu nyongeza ya hadi tani 2 kwa malori yasiyotoa moshi. Kifungu kama hicho kingeweza kuingizwa katika sheria yetu hata kabla ya lori la kwanza kupanda mizani.