Leo nimefua soksi basi

Jamani leo sina la maana sana ila nimeamua niandike hata mistari miwili mitatu, maana na kuandika kwenyewe ni moja ya vile vitu vidogo navyojishikiza navyo siku hizi. Kwa msiojua, kazi iliisha, ghafla tu, barua moja yenye maneno matamu ya kuagana, alafu hata sijakaa sawa mama akaanza kuumwa, yaani likitoka hili linaingia lile, asubuhi naamka kifua kizito kabla hata sijakumbuka ni kwa nini.

Watu wananiambia jipe moyo. Nashukuru kiukweli, ila moyo wenyewe ndo huo umechoka, mwingine wa kujipa nautoa wapi?

Kilichonisaidia kidogo ni kujua kwamba hamu haitangulii. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani, Peter Lewinsohn, miaka ya 1970 huko aliona mtu akishuka moyo anaacha kufanya vitu, akiacha anakosa hata zile raha ndogo ndogo za siku, akizikosa anazidi kushuka, ni mduara. Kwa hiyo unaanzia kwenye kitendo, mudi itakuja nyuma yake ikijisikia. Na hata isipokuja leo, kitu si kimeshafanyika.

Alafu kuna hii ndo imenikaa kabisa. Mwaka 1967 wanasaikolojia wengine wawili wa Marekani, Seligman na Maier, walifanya majaribio na mbwa (ya kikatili, tusifichane), wale waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, baadaye hata walipowekewa njia ya kukwepa wengi walilala tu wakavumilia. Wakasema hawa wamejifunza kukata tamaa. Mwaka 2016, karibu nusu karne baadaye, wenyewe tena wakaandika kwamba walilielewa kinyume, kunywea ndo ubongo unavyojibu wenyewe shida ikiwa ndefu, kinachojifunzwa ni ile kuona kwamba kuna kitu naweza kukibadili. Nliposoma hapo nilipumua. Kumbe kulala nikiangalia dari sio uvivu wala sio imani haba, mwili uko hivo, na huko kuweza ndo kunafundishwa, kidogo kidogo.

Sasa leo somo lilikua soksi. Zilikaa kwenye kona hadi nikawa napita nazikwepa macho. Nikachukua beseni, nikaloweka, maji yakageuka rangi nisiyotaka kuielezea hapa, nikasugua visigino, nikasuuza mpaka yakatoka meupe, nikaanika. Moja mwenzie hayupo, sijui huwa zinaenda wapi hizi. Ila pale nilipokua nasugua, kwa dakika zile, sikua nafikiria bili wala majibu ya vipimo vya mama, nlikua nafikiria kisigino tu.

Na kidogo iwe kidogo kweli bana. Hizi habari za amka saa kumi alfajiri ukimbie, oga maji baridi, panga malengo ya mwaka, kwa mtu aliyeshiba usingizi labda, mi nikijaribu hivo nafeli siku ya pili na stresi inaongezeka. Kipimo changu ni kimoja, je siku ile mbaya kabisa ningeweza kukifanya? Kama hapana, nakata nusu. Badala ya kusafisha chumba, natandika kitanda. Badala ya kupiga simu kwa ndugu wote, namtumia dada meseji, "dada shikamoo, mama kalalaje?"

Soksi hazijalipa bili, najua, na mama bado anaumwa.

Kesho kuna fomu ya kuomba kazi nimeikimbia wiki nzima. Nitajaza jina, namba ya simu na elimu. Pale penye "eleza kwa nini unafaa" sipagusi, hapo tutaonana keshokutwa.