Siku moja na boksi la sabufa

Saa 1 asubuhi niko Keko, natafuta MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, ya milimita 18. Muuzaji ananijua, hanisumbui ninapokagua kingo. Shiti iliyowahi kulowa huvimba kama mkate uliotumbukia chai, na skurubu ikiingia inachanika. Nakataa mbili, nachukua ya tatu. Shiti ya futi 8 kwa 4 ni kama kilo 40, hivyo wananikatia palepale napakia kwenye bajaji.

Saa 3 mteja analeta gari lake, Toyota IST, sabufa inakwaruza. Naifungua. Ukingo wa sponji unaoshika koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, umeoza, nikiugusa unabaki kidoleni kama majivu. Joto na unyevu wa Dar haviusamehi sponji.

"Fundi, si uugundishe tu?"

"Kaka, nikigundisha nitakuwa nimekuibia."

Namwonyesha sabufa mbili za inchi 12: yenye koni ya plastiki inayong'aa, ukingo sponji, na yenye koni ya karatasi nyeusi, ukingo mpira. Anashangaa, karatasi tena? Ndiyo, karatasi iliyotiwa dawa ya kuzuia unyevu. Ni nyepesi, ni ngumu, besi yake inagonga na kukata papo hapo. Ingekuwa spika ya mlangoni, mahali maji ya mvua hupenya, ningempa plastiki bila kusita. Ndani ya boksi lililozibwa, mpira na karatasi vinatosha. Anakubali.

Saa 5 tunakata. Vipimo vya ndani ni sentimita 40 kwa 35 kwa 22, karibu lita 31. Barakoa kwanza, maana vumbi la MDF ni laini kama unga na limejaa gundi. Kijana ninayemfundisha anauliza kwa nini tusitumie chipbodi, ubao wa chembechembe za mbao, bei yake ni nafuu. Nampa kipande na skurubu: itie, itoe, irudishe. Mara ya tatu inazunguka bure. Hajauliza tena. Plaiwudi nzuri yenye tabaka nyingi naipenda kuliko hata MDF, ni nyepesi na inashika skurubu, ila wachache wanaimudu. Kila kiungo kinapata gundi ya mbao, skurubu, kisha silikoni kwa ndani.

Saa 8, wali maharage, haraka.

Saa 9 mteja ananikabidhi waya wa umeme alioununua mwenyewe. Naukwangua kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Kwa unene uleule hupitisha umeme kidogo kuliko shaba tupu, hupata joto, na hewa ya chumvi huumaliza kwenye maungio. Hapa huwa sibembelezi, kwa sababu waya mbovu unaweza kuunguza gari. Tunavuta shaba tupu, na fyuzi inakaa karibu kabisa na betri.

Saa 11 tunawasha. Anachagua taarabu, gitaa la besi linashuka hadi kifuani. Naweka kiganja juu ya boksi, limetulia kabisa. Kinacholia ni pleti namba ya nyuma. Namwambia kijana aniletee kipande cha mpira.