Barua za shukrani

Binti yangu karudi kutoka Mbeya na pakiti ya kahawa. Nusu kilo, ya kusagwa, na pakiti imeandikwa kwamba imetoka milima ya Rungwe. Akaikata kwa mkasi palepale mezani, harufu ikajaa nyumba nzima. Nilikuwa napepeta mchele, nikaweka ungo chini.

"Mama, vipi?"

"Hamna kitu."

Kilikuwepo. Ila nilimwambia achemshe maji, nikaenda kukaa uani peke yangu.

Wanaonifahamu wanajua kwamba nilikuwa mkalimani wa kanisa kabla sijajua Kiingereza. Ilikuwa mwaka 1994. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda cha tano, naishi kijijini kwa baba mkubwa, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na karani wa usharika kwa pamoja. Habari zikaja kwamba wageni watafika kutoka Herrnhut, Ujerumani, lilikotoka kanisa letu la Moravian. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa likizo kwao Songea, basi wazee wakaangalia huku na huku, macho yao yakaishia kwangu.

Kwa mtoto wa Kimoraviani, Herrnhut si mji, ni kama jirani wa mbinguni. Ndiko wakimbizi wa imani walikoanza kujenga mwaka 1722 kwenye ardhi ya bwana mkubwa mmoja, Zinzendorf, na miaka kumi tu baadaye wakatuma wamisionari wa kwanza kwenda kisiwa cha St. Thomas, huko Karibiani. Huku Rungwe walifika 1891. Na ndiko linakochaguliwa kwa kura ya bahati neno la kila siku, mstari wa Agano la Kale, miaka mitatu kabla ya siku yenyewe kufika. Kitabu cha maneno hayo kimekuwa kikichapishwa tangu 1731. Baba mkubwa alikuwa akilisoma neno hilo kila alfajiri kabla ya kwenda kwenye mibuni yake, na kila alfajiri alimaliza kwa maneno yaleyale: "Na wenzetu wa Herrnhut leo wamesoma hili hili." Nikiwa mdogo nilidhani watu wa huko wanavaa kanzu nyeupe na hawali.

Kitu ambacho hatukuambiwa, au tuliambiwa kikapita sikio hili kikatokea la pili, ni kwamba baada ya vita Herrnhut ilibaki Ujerumani Mashariki. Ukuta ukajengwa Berlin mwaka 1961, ukaanguka 1989, na Oktoba 3, 1990 nchi ikawa moja. Ndiyo maana watu hawa walikuwa wanakuja sasa na si zamani. Lakini sisi tungejuaje? Mzungu ni Mzungu. Wa mashariki, wa magharibi, wote wameshuka kwenye gari moja.

Walikuja wanne. Kwaya iliimba, majogoo mawili yalitolewa, na mkuu wa msafara akatupa zawadi ya ile nyota ya kwao ya karatasi, ya pembe 25, iliyokuja imekunjwa vipande vipande kwenye boksi. Vijana waliiunganisha siku mbili. Hakuna aliyetueleza kwamba ni ya majira ya Majilio, zile wiki za kabla ya Krismasi, kwa hiyo ilining'inia juu ya madhabahu mwaka mzima, Pasaka na Pentekoste, bila taa ndani maana umeme ulikuwa bado. Nadhani ilipendeza hivyohivyo.

Siku ya tatu tukakaa na wazee ofisini kwa mchungaji. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka dirishani, mezani ndizi za kuchemsha, chai kwenye chupa, maziwa mgando. Mimi nimekaa katikati na kaunta buku langu, magoti yamebanana. Nikasoma orodha ya maombi: mabati 120 ya geji 28, misumari ya kofia, mbao. Niliisoma vizuri, nilikuwa nimeifanyia mazoezi usiku kucha.

Aliyejibu si mkuu wa msafara. Alikuwa mmoja wa wale wanne, seremala, mtu wa makamo, vidole vinene, kimoja hakina kucha. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama changu, kwa sababu shuleni kwao walifundishwa Kirusi. Ndiyo maana nilimwelewa. Watu wawili wasiojua lugha huelewana haraka, hawana pa kujificha.

Alisema kidogo kidogo, anasimama, anatafuta neno, mimi naandika kwa penseli. Mama yake. Kabati. Kahawa. Akainua mkono, akafungua mlango wa kabati ambao haukuwepo, akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua. Mchungaji naye akavuta pumzi bila kujua.

Akaendelea. Kila Krismasi kilikuja kifurushi kutoka usharika mmoja wa Magharibi. Kila usharika wa upande wao ulikuwa na usharika rafiki upande wa pili, na hao ndio waliowatumia vitu. Juu ya kifurushi ilibidi kuandikwe kwamba ni zawadi, si bidhaa ya biashara. Ndani mna kahawa, sabuni, chokoleti. Kahawa mama yake hakuinywa. Aliificha kabatini katikati ya mashuka, mpaka aje mgeni wa maana, na mashuka ya nyumba nzima yakawa yananuka kahawa. Halafu jioni, kabla hajaonja hata chokoleti, mtoto anawekwa mezani aandike barua ya shukrani. Ndugu wapendwa. Tumepokea. Tunashukuru sana.

"Niliichukia ile meza," alisema. Akatafuta neno jingine, akakosa, akamuuliza mwenzake kwa Kijerumani. Mwenzake akampa. "Niliona haya."

Kisha akaniangalia mimi, si wazee. Akasema kwamba wamepokea barua zetu zote. Ni nzuri. Lakini tafadhali, shukrani zipungue. Tuandike tunaishije. Tuwaulize maswali. Tuwaombee, maana makanisa yao ni matupu, na tuwaambie kama tuna neno la kuwaambia.

Akanyamaza. Nje kuna mtu alikuwa anapasua kuni, nilisikia shoka linapiga, linakaa, linapiga. Wazee kumi na moja wakanigeukia kwa mkupuo mmoja.

"Anasemaje?" baba mkubwa akauliza.

Nimeirudia ile nukta mara nyingi kuliko nilivyorudia siku ya harusi yangu. Nilikuwa na miaka kumi na nane. Niseme mtu wa Herrnhut alikuwa akipewa sabuni? Niseme alikuwa anaona haya, mbele ya wazee ambao sasa hivi tu wameomba mabati 120 bila kuona haya yoyote? Na wakisikia kwamba hawa nao ni maskini wa juzi, orodha yetu tunaipeleka wapi? Sidhani nilifikiri yote haya kwa utaratibu huu. Kilichotoka mdomoni ni hiki:

"Anasema mama yake alipenda sana kahawa. Na anasisitiza barua za shukrani."

Makofi. "Ndaga fijo!" Asante sana, kwa Kinyakyusa. Baba mkubwa akasimama, akashika ukosi wa koti lake, akaahidi kwa niaba ya usharika kwamba kuanzia mwezi huo barua itakwenda kila mwezi bila kukosa. Hilo nililitafsiri lote, neno kwa neno. Seremala akanitazama kwa muda. Kisha akatabasamu kama mtu aliyemeza klorokwini bila maji.

Barua hizo nani aliziandika? Mimi. Mpaka nilipokwenda shule, na kila likizo niliporudi. Ndugu wapendwa. Tumepokea. Tunashukuru sana. Majibu yao yakaanza kufupika. Fedha zilikuja, zikatosha nusu ya paa, nusu nyingine tukachangishana wenyewe kwa kuuza ndizi, na ukiingia kanisani leo utaona mstari pale bati la kwao linapokutana na letu, rangi tofauti. Wazee wakaanza kunung'unika kwamba wale ni wachoyo. Huko kwao sijui walinung'unika nini. Kamati zikabadilika, mchungaji akahamishwa, na miaka michache baadaye ziara zikakoma. Ningependa kusema ni kamati.

Nikiwa chuoni nilisoma habari za Ujerumani Mashariki kwa ajili ya mtihani tu. Nikakutana na mwaka 1977. Baridi kali iliua mibuni Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapaa, serikali ya Ujerumani Mashariki haikuwa na fedha za kigeni za kununulia, ikawauzia watu wake mchanganyiko: kahawa asilimia 51, iliyobaki nafaka za rai, mizizi ya chikori, njegere za kukaanga. Watu walikasirika mpaka ikabidi uondolewe. Nikafunga kitabu. Maana 1977 naijua. Ndiyo tarehe baba mkubwa aliyoiandika kwa msumari kwenye saruji mbichi ya kizingiti chake, mwaka alioezeka nyumba ya bati kwa fedha za kahawa. Bei ileile moja ilimpa yeye paa, ikampa mama wa seremala, kama alikuwa bado hai, kikombe cha njegere. Na siku ile walikaa meza moja, yeye na mtoto wa yule mama, wametenganishwa na sahani ya ndizi na mimi.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwamba sikusikia vizuri. Kiingereza chake kibovu, changu kibovu, nani angenihukumu? Halafu kwenye msiba wa baba mkubwa tulipekua sanduku lake la nyaraka, na kaunta buku likatoka, pembe zimeliwa na mchwa. Ukurasa upo. Maneno yamechorwa kwa penseli, spelingi za aibu. *Kofii. Kabod.* Na chini kabisa, *ashemd*, lile la kuona haya, limepigiwa mstari mara mbili.

Krismasi iliyopita nilimwambia mama mkubwa. Alikuwa anachambua maharage, macho hayaoni vizuri siku hizi, anachambua kwa vidole. Nikamweleza yote, kabati, mashuka, meza, barua. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Ungesema ukweli, mabati yangekuja?"

"Sijui, mama. Pengine machache zaidi."

"Au mengi zaidi."

"Au mengi zaidi."

Akatupa jiwe dogo uani, kuku akalikimbilia akaliacha. "Baba yako mkubwa naye hakupenda zile barua," akasema. "Alikuwa anakuja kulala anasema, leo tena tumeomba kwa jina la kushukuru."

Hilo sikuwa nalijua. Miaka yote mimi ndiye niliyeketi naye mezani, yeye anasema, mimi naandika, na hakuwahi kunionyesha.

Nikamwongezea chai. Nyumba ile imelima kahawa vizazi vitatu na sijawahi kuona mtu anaichemsha.

"Na hiyo kahawa ya kwenye mashuka," akauliza, "ilikuwa ya kwetu?"

"Sijui, mama."

"Ungemuuliza," akasema, akaendelea kuchambua.