Jinsi ninavyosasisha programu-jalizi za tovuti yangu

Tovuti yangu ya makala inaendeshwa na WordPress, mfumo wa kutengeneza na kusimamia tovuti, na kwa muda mrefu kazi iliyonikosesha utulivu haikuwa kuandika, bali kusasisha programu-jalizi, yaani zile plagini zinazoipa tovuti fomu ya mawasiliano, kinga dhidi ya maoni taka, uchujaji wa picha na mengineyo. Kila nilipoingia kwenye dashibodi nilikuta idadi ya masasisho yanayosubiri, nikawa kati ya hofu mbili: nikibofya, huenda tovuti ikaanguka, nisipobofya, naacha upenyo ambao wadukuzi wanaufahamu.

Hofu ya pili ndiyo yenye uzito. Toleo linaloziba dosari ya usalama huonyesha pia dosari hiyo ilikuwa wapi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kulinganisha msimbo wa zamani na mpya, na tangu hapo tovuti zilizobaki nyuma husakwa na programu zinazojiendesha, zisizojali kama tovuti ni kubwa au ndogo. Septemba 2020, dosari katika File Manager, programu-jalizi iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000, iliwawezesha wavamizi kupakia faili zao kwenye seva bila hata nenosiri, na kinga ilikuwa kuhamia toleo la 6.9 au kuiondoa kabisa.

Kwa hiyo nilianza kwa kupunguza. Nilikuta programu-jalizi kadhaa zilizozimwa tu, nikazifuta, maana kuzima hakutoshi: folda yake hubaki ndani ya wp-content/plugins, na faili lenye dosari linaweza kuitwa moja kwa moja kutoka nje. Zilizotelekezwa na watengenezaji wake nilizitafutia mbadala, hata zile zilizokuwa bado zikifanya kazi vizuri. Ukurasa wa kila programu-jalizi katika maktaba ya WordPress huonyesha ilisasishwa lini, na hutoa onyo ikiwa haijajaribiwa na matoleo makuu matatu ya karibuni.

Baada ya hapo nilijiwekea utaratibu. Kabla ya kugusa chochote nachukua nakala rudufu ya faili na ya hifadhidata, na kuziweka nje ya seva. Hifadhidata ndiyo inayosahaulika, ilhali ndimo zilimo makala zote na mipangilio, na baadhi ya masasisho hubadilisha majedwali yake kiasi kwamba kurudisha faili za zamani peke yake hakusaidii. Kisha nasoma maelezo ya mabadiliko. Sasisho la usalama naliweka siku hiyohiyo. Toleo kubwa lenye sura mpya nalijaribu kwanza kwenye nakala ya tovuti niliyoitenga kwa majaribio. Kitufe cha kusasisha zote kwa pamoja sikitumii kabisa, nasasisha moja baada ya nyingine.

Faida ya hilo niliiona siku niliposasisha programu-jalizi ya fomu na tovuti nzima ikageuka ukurasa mweupe. Kwa kuwa ndiyo pekee niliyokuwa nimeigusa, sikuwa na haja ya kubahatisha. Niliingia kwenye paneli ya seva, nikafungua wp-content/plugins, nikabadilisha jina la folda yake kwa kuongeza neno moja mwishoni, na WordPress ilipoikosa ikaizima yenyewe. Tovuti ikarudi papo hapo. Kumbukumbu ya hitilafu ilionyesha kuwa toleo jipya lilihitaji toleo la juu la PHP, lugha ya programu inayoendesha WordPress kwenye seva, kuliko nililokuwa nalo. Mtengenezaji hakuwa ametaja hitaji hilo mahali ambapo WordPress hulisoma. Angelitaja, mfumo ungezuia sasisho mapema. Nilihakikisha programu-jalizi nyingine zinaafikiana na PHP mpya, nikaipandisha, nikarudisha jina la folda na kuiwasha tena.

Tangu WordPress 5.5, iliyotoka Agosti 2020, kila programu-jalizi inaweza kuruhusiwa kujisasisha, na nimeziruhusu zile ndogo ambazo hata zikisimama kwa saa chache msomaji hatapungukiwa na kitu. Tangu toleo la 6.6 la mwaka 2024, sasisho la kujiendesha likisababisha hitilafu kubwa, mfumo hurudisha toleo la awali wenyewe. Nalithamini sana hilo, lakini kinga hiyo hutambua hitilafu inayoiangusha tovuti tu. Fomu inayofunguka vizuri, ikapokea ujumbe na kutoutuma popote, haitambuliwi kuwa mbovu, na msomaji aliyeandika ataamini nimempuuza. Ndiyo maana programu-jalizi ya fomu naisasisha kwa mkono: nafuta kache, yaani nakala za kurasa zilizohifadhiwa kwa muda, nafungua ukurasa kwenye kivinjari ambacho sijaingia kama msimamizi, naijaza fomu kama mgeni, na siendi kwenye sasisho linalofuata mpaka barua pepe iwe imefika.