Una A ya kidato cha nne, sawa. Chaguo lako la akiba, lile utakaloangukia ukikosa mengine, liko wapi?

Udaktari Nairobi, udaktari Moi, udaktari Maseno, kisha ufamasia. Mwanafunzi wa A- akijaza hivyo kwenye KUCCPS, shirika la Kenya linalogawa nafasi za vyuo, hana akiba hata moja. Ufamasia nao unagombaniwa na watu wale wale waliokosa udaktari, kwa hiyo ameruka majivu akakanyaga moto.

Gredi ya jumla peke yake haikuingizi kwenye kozi. Kinachoamua ni alama za klasta, ambazo huhesabiwa juu ya 48 kwa kuchanganya masomo manne yanayohusu kozi na matokeo yako ya jumla. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na 45 kwa kozi moja na 41 kwa nyingine. Usitegemee hesabu uliyopiga kwenye karatasi. Ingia kwenye akaunti yako, fungua kozi moja moja, uandike alama zako pamoja na desimali zake zote.

Linganisha na alama za mwisho za mwaka uliopita, yaani za mtu wa mwisho aliyepata nafasi. Hizo si ahadi. Wakiomba wengi zaidi mwaka huu, au chuo kikipunguza nafasi, zinapanda. Tuseme una 43.512 na kozi ilifunga kwa 43.208. Hiyo tofauti ya 0.304 usiite akiba, hiyo ni bahati nasibu. Kwa maoni yangu, chaguo la akiba liwe limefunga angalau alama 3 chini yako, na lililo juu yake angalau 1.5. Kozi mpya isiyo na rekodi ya miaka iliyopita usiihesabu kuwa akiba, hata ikionekana rahisi.

Tazama pia gredi za somo moja moja. Uhandisi unataka hisabati, fizikia na kemia. Sheria inatazama Kiingereza au Kiswahili. Ukipungukiwa na somo moja, alama nyingi za klasta hazikuokoi.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaliulizi: je, kozi hiyo inatambuliwa na bodi ya taaluma? Uhandisi ni EBK (bodi ya wahandisi), udaktari ni KMPDC (baraza la madaktari), uuguzi ni Baraza la Wauguzi. Ukaguzi huu ufanyike kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma, maana kumaliza miaka mitano ukanyimwa usajili ni hasara isiyo na dawa.

Akiba lazima pia ilipike. Kijana wa Likoni akisoma uhandisi TUM, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, anavuka feri asubuhi na kulala kwao. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi tu. Nairobi kuna kodi, chakula na nauli ya kurudi nyumbani kila likizo. Jina la chuo lisikufanye uidharau hesabu hiyo. Chagua akiba ambayo ungeisoma kwa moyo: anayependa hospitali aangalie uuguzi au sayansi ya maabara, asijaze kozi asiyoijua ili mradi nafasi ijae.

Ukikosa machaguo yote, kuna awamu ya marekebisho, lakini hapo unachagua katika nafasi zilizobaki, na kozi zinazogombaniwa huwa zimejaa. Kuhama chuo baadaye kunawezekana tu ikiwa umefikisha alama za kule unakotaka na nafasi ipo.

Wanaoomba Marekani wana mtego wao. Harvard huchukua takriban 4 tu kwa kila waombaji 100, na vyuo vingi vya huko hutazama kama unahitaji msaada wa fedha kabla ya kukukubali ukiwa mgeni. Chuo kikikupokea bila msaada wa kutosha, hutapata hata karatasi ya kuombea viza, kwa kuwa lazima uonyeshe pesa za mwaka wa kwanza. Kwa mtoto wa Mombasa asiye na mfadhili, akiba ya kweli iko hapa nyumbani. Majibu mengi ya huko hutoka mwisho wa Machi. Jaza KUCCPS dirisha likiwa wazi, hata kama barua ya Marekani bado unaingoja.