Karatasi ya safari ya Lushoto na Tanga

Karatasi ya kwanza tuliyopangia ratiba ya safari ile ilikuwa na kosa moja: ilihesabu kilomita. Ilikuwa Septemba 2018, watu wanne, gari dogo la automatiki, Ijumaa hadi Jumapili. Tulitaka Tanga mjini, mapango ya Amboni na milima ya Usambara upande wa Lushoto. Tukaandika Ijumaa Tanga, Jumamosi asubuhi Amboni, jioni Lushoto, Jumapili msitu wa Magamba kisha nyumbani Dar. Kwa kilomita ilikaa vizuri.

Tulipobadilisha kilomita kuwa saa, karatasi ikapasuka. Kutoka Tanga hadi Mombo, kupitia Segera na Korogwe, barabara ni ya lami na tambarare. Kutoka Mombo kwenda Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ndani ya hizo 33 unapanda karibu mita 1,000 kwa kona mfululizo, na lori likikutangulia ndiyo basi, utalifuata mpaka Soni, mji mdogo wa njiani. Hizo usizihesabie chini ya saa nzima. Magamba nayo inataka saa nne za miguu, na kutoka Lushoto hadi Dar ni saa saba ukisimama kula. Ukijumlisha, Jumapili ile ingetukuta Chalinze usiku, na dereva ambaye miguu yake imepanda mlima tangu asubuhi.

Kwa hiyo tukaigeuza. Mlima kwanza, mji mwisho. Mji unavumilia mtu aliyechelewa: ukifika Tanga saa 1 usiku bado utakula na kulala. Mlima hauvumilii. Ukungu wa Usambara hushuka alasiri, na kuteremka zile kona gizani kwa gari usilolizoea ni kujitafutia makubwa.

Ijumaa tuliondoka Dar saa 10 alfajiri kwa njia ya Bagamoyo. Bagamoyo hadi Msata ni kilomita 64 za lami, na faida yake ni kuyakwepa malori ya Barabara ya Morogoro, kipande cha Dar hadi Chalinze. Baada ya Msata kulikuwa na Daraja la Wami la zamani, la njia moja: upande mmoja unapita, mwingine unasubiri. Siku hizi kuna daraja jipya, lakini wakati ule ulipaswa kuliandikia muda wake kwenye karatasi. Tuliliandikia dakika 30.

Kwenye buti tulikuwa na pembetatu mbili za tahadhari, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, jeki, spana ya magurudumu na tairi la akiba lenye upepo. Hilo la mwisho watu husahau. Tairi la akiba hukaa mwaka mzima bila kuguswa, upepo unatoka taratibu, na siku ya kulihitaji unakuta nalo ni pancha. Lipime asubuhi kabla ya kuondoka, pamoja na yale manne, yakiwa ya baridi, maana tairi lililokwisha kutembea husoma upepo zaidi ya uliomo. Kwenye vijiji vya barabara ile kibao cha mwendo wa 50 ni cha kweli, na trafiki wenye tochi za kupima mwendo wapo. Ukishakipita kibao cha kuanzia kijiji, kaa kwenye 50 mpaka ukione cha kumalizia, hata kama huoni nyumba.

Mafuta tulijaza Korogwe, tukanywa chai. Kupanda kutoka Mombo tulizima kiyoyozi na kufungua madirisha. Gari dogo lenye watu wanne na mizigo likipanda kwa mwendo mdogo halipati upepo wa kutosha kwenye rejeta, na kiyoyozi huongeza joto juu ya joto. Sindano ya joto la injini haikusogea.

Lushoto tuliingia saa 5 asubuhi. Jambo la kwanza, kabla hata ya chumba, lilikuwa kutafuta mwongozaji wa Magamba wa kesho yake na kukamilisha malipo ya kuingia hifadhini. Ukiliacha hili hadi asubuhi ya kupanda, saa mbili zinaondoka hivi hivi. Mchana tukaenda Irente kwa miguu, kama kilomita 6 za barabara ya vumbi katikati ya mashamba. Hii haihitaji mazoezi, ila jua la saa 8 halina huruma na njia ina vipande visivyo na mti, kwa hiyo lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu si nyingi. Pale mwisho ardhi inakatika, na nyika ya Wamaasai inaanza chini kabisa. Hapo karatasi ilikosea tena: Septemba ni kiangazi, na mchana vumbi na moshi hufunika bonde. Ukitaka kuona mbali nenda asubuhi. Tulirudi kwa bodaboda, ili miguu ibaki ya kesho.

Magamba tulianza saa 12 na nusu asubuhi. Msitu ule uko juu, sehemu zake zinapita mita 2,000, na mtu wa pwani atahema kwenye mwinuko wa kwanza hata kama ni mchezaji wa mpira. Tulivaa sweta tukaivua baada ya nusu saa, tukaivaa tena tulipopumzika. Suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi ni kwa ajili ya siafu. Mmoja wetu alikuja na raba za mjini zenye soli laini, na kwenye majani yaliyolowa aliteleza mpaka tukamkatia fimbo. Mbega tuliwaona juu ya miti, mikia yenye ncha nyeupe ikining'inia, kwa sababu mwongozaji alituambia tunyamaze kabla ya kufika, si baada.

Saa 8 mchana tukaanza kuteremka kwa gari kwenda Mombo. Hapa ndipo karatasi ilipokuwa tupu. Tulikuwa tumeandika hatua za kupanda, za kushuka hatukuziandikia kitu. Dereva aliacha gia kwenye D na kuweka mguu juu ya breki, kidogo kidogo, kona baada ya kona. Kabla ya Soni, karibu katikati ya njia, tulisikia harufu kama ya kitambaa kilichoungua pasi, na pedali ikaanza kuzama chini kuliko kawaida.

Breki hugeuza mwendo kuwa joto. Ukiikanyaga bila kuiachia, diski hazipati nafasi ya kupoa, joto linahamia kwenye mafuta ya breki, nayo yakichemka yanatoa mapovu. Mafuta hayabinyiki, mapovu yanabinyika, ndiyo maana pedali inazama na gari halishiki. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi yamenyonya unyevu na huchemka mapema zaidi, na yetu hakuna aliyekumbuka yalibadilishwa lini.

Tulisimama pahali tambarare, tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukakaa dakika 40. Kijana mmoja wa pale alikuja na ndoo ya maji kwa nia njema, tukamshukuru tukakataa: diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inaweza kupinda au kupata ufa. Pedali iliporudi juu tulizima O/D, yaani gia ya juu kabisa ya automatiki, tukashusha gia hadi 2, na injini yenyewe ikalishika gari kwenye kilomita 30 kwa saa. Breki ikakanyagwa kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, kisha ikaachiwa kabisa. Hadi Mombo hakukuwa na harufu tena.

Tanga tuliingia usiku. Asubuhi ya Jumapili tulianza na Amboni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, njia ya Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa. Mwongozaji ana tochi, lakini beba yako, maana kuna vipenyo vya kuinama na kutambaa, na anayefuata nyuma hubaki gizani. Kuna popo, na kuna mahali watu huacha sadaka. Usiguse. Mjini tulitembea kutoka bustani ya mnara wa saa, inayotazama bandari, hadi boma la Wajerumani, tukaliona kwa nje tu. Hatukupiga simu mapema kuuliza ratiba ya makumbusho yaliyomo ndani yake, na hilo ni kosa letu. Wenyeji husema Tanga ni waja leo waondoka leo, nasi ndivyo tulivyofanya.

Saa 7 mchana tukawasha gari. Foleni ya Wami ilitula dakika 50.